Wayahudi na Sheria ya Musa



Hivi karibuni hapa Wote mzee mmoja mkulima aliniuliza, "Karani, hao Wayahudi tunaowasoma katika Biblia, je, wangaliko, au walikwisha pamoja na Farao?" Swali lake ni jema, nami naliandikia jawabu.

Wangaliko, wala hawako mbali. Nairobi waliunda jumuiya yao ya ibada mwaka 1904, na sinagogi yao ipo hata leo. Tena karibu na Mbale, Uganda, wako Waafrika wenzetu waitwao Abayudaya, yaani Wayahudi. Kiongozi wao wa kwanza alikuwa Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza. Aliisoma Biblia aliyoletewa na wamisheni, akaona kwamba sheria ya Musa haikutanguka. Basi mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe.

Wayahudi huamini kwamba Mungu ni mmoja tu, wala hawamfanyii sanamu. Kitabu chao kikuu ni Torati, yaani vitabu vitano vya Musa. Kisha Manabii na Maandiko, ambavyo sisi twavijua katika Agano la Kale. Wana na Talmudi, yenye mashauri ya wanavyuoni wao wa kale juu ya sheria. Amri za Torati kwa hesabu yao ni 613. Hawali nguruwe wala damu, wala hawachanganyi nyama na maziwa. Sabato huanza Ijumaa jua linapokuchwa, maana kwao usiku hutangulia mchana, kama ilivyo hesabu ya watu wa pwani. Alama zao ni kinara cha matawi saba, kama kile cha Hekalu la Yerusalemu, na nyota ya Daudi yenye pembe sita.

Katika utawala wa Idi Amin, 1971 hata 1979, dini hiyo ilipigwa marufuku Uganda. Wengi waliiacha, wachache waliendelea kusali kwa siri. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, aliwekwa kuwa rabi.

Nilipomsimulia mzee haya alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Wale walisali wakiogopa serikali. Sisi twaacha sala kwa sababu ya siku ya soko." Sikuwa na neno la kumjibu, kwa kuwa Jumapili iliyopita mimi pia sikuonekana kanisani.