Tuisikilize Hofu Yetu

Msafiri mwoga huchekwa. Ndege ikitikisika juu ya milima ya Virunga, anayeshikilia kiti kwa mikono miwili huambiwa hana imani. Hapa Kituku, anayesita kupanda boti iliyojaa huambiwa awapishe wenye ujasiri. Sisi twaona kicheko hicho ni kibaya, kwa kuwa kinachanganya hofu mbili zisizofanana.

Hofu ya kwanza ni ya kutikiswa. Hewa ipandayo kutoka ardhi yenye joto, au upepo ugongao mlima, huitikisa ndege kama barabara mbovu inavyolitikisa gari. Mwili hulia kwamba tunaanguka. Lakini bawa limeundwa lipinde, nalo hupimwa kwa nguvu zinazozidi zile linazotazamiwa kukutana nazo. Wanaoumia katika misukosuko hiyo, mara nyingi, ni wasiofunga mkanda. Ni kweli kwamba mwaka 2008, na tena tarehe 24 Novemba 2019, ndege ziliangukia mitaa ya Goma. Lakini misiba hiyo ilitokea wakati wa kuruka, si katika misukosuko ya mawinguni. Basi mwenye hofu hii afunge mkanda, avute pumzi polepole, azungumze na jirani yake. Itapita.

Hofu ya pili haifai kutulizwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Makumi walikufa. Siku ile, aliyeogopa kupanda aliona sawasawa.

Mtatuambia kwamba maskini hachagui chombo. Ni kweli. Vita vilikuwa vimekata barabara ya Minova, na mwenye kutafuta chakula cha watoto hangeweza kungoja amani. Hatuwalaumu waliopanda. Twasema tu kwamba anayeogopa peke yake hunyamaza, lakini kumi wakiogopa pamoja husikika. Kikundi cha vijana kinachosafiri kinaweza kukubaliana kabla ya kufika bandarini: hatupandi bila makoti ya kuokolea maisha, na chombo kikijaa tunangoja kingine, hata tukilala njiani. Na mama asiyemjua mtu akiuliza koti lake li wapi, tuulize pamoja naye.

Wengine watajibu kwamba Mungu atatulinda. Twaamini hivyo. Lakini wanafunzi walipopigwa na dhoruba ziwani hawakujifanya majasiri, walimwamsha Bwana. Waliisema hofu yao.

Kwa hiyo, kijana, moyo ukikudunda safarini, usiuonee haya. Uulize: ninatikiswa tu, au nimo hatarini? Ukitikiswa, tulia. Ukiwa hatarini, sema, wala usimcheke aliyetangulia kusema.