Kiboksi Kisichojua Kama Tenki Ni Tupu Si Kidhibiti, Ni Swichi

Alhamisi, saa sita usiku na ushee

Najua nimepotea wiki mbili, si kwa kupenda, test zilikuwa zimetubana halafu umeme wa hapa hosteli nao una mambo yake. Leo nimerudi na sitaki kuongelea chakula cha kafeteria wala bumu lililochelewa. Leo nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni juu ya vile viboksi vya kuongoza upulizaji wa spiriti kwenye injini za turbo, ambavyo kila mshkaji wa uhandisi mwenye ugonjwa wa magari anaviota usiku na mchana.

Naweka msimamo wangu mezani mapema, asije mtu akasema nimemzungusha. Kiboksi kinachoiamuru pampu ipulize, lakini hakina njia yoyote ya kujua kama kilichopulizwa kimefika, hakistahili jina la kidhibiti. Ni swichi iliyovalishwa suti. Na anayeongeza presha ya turbo kwa kuitegemea swichi hiyo anacheza kamari na injini, tena mara nyingi injini ambayo si ya kwake.

Kwa wenzangu wa sheria na ualimu, ngoja nieleze kidogo, mtanivumilia. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi, na kazi yake ni kushindilia hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ukiishindilia inapata joto. Kama hamniamini, shikeni pampu ya baiskeli mtu akimaliza kujaza upepo. Hewa inayotoka kwenye turbo iliyobanwa sawasawa inaweza kupita nyuzi 100. Ukichanganya joto hilo na presha kubwa, petroli inalipuka yenyewe kwa wakati usio wake, sauti yake kama changarawe ndani ya kopo. Mafundi wetu wakisema injini "imenoki" wanamaanisha imeshakufa. Mimi naongelea kule kugonga kunakoitangulia maiti: ringi zinavunjika, pistoni inatoboka, na kuanzia hapo mnazungumza na muuza spea.

Dawa mojawapo ni kupuliza ukungu wa maji na methanoli kwenye hewa kabla haijaingia kwenye injini. Kilo moja ya maji inameza takribani kilojuli 2,260 ili igeuke mvuke, methanoli kama 1,100, petroli kama 350 tu. Joto linaibwa, hewa inapoa. Methanoli juu ya hapo ni fueli yenye oktani ya juu, inavumilia presha ambayo petroli ingegonga. Ndiyo maana wengi wanachanganya nusu kwa nusu. Ethanoli nayo inafanya kazi hiyo hiyo. Hakuna uchawi hapo, na wala siipingi. Wajerumani walikuwa wakipuliza mchanganyiko waliouita MW 50 kwenye ndege zao za vita za Messerschmitt Bf 109, na Wamarekani wakapuliza maji kwenye P-47 Thunderbolt. Kitu hiki kimepigana Vita vya Pili vya Dunia, jamani, si cha kuja jana.

Ninachopinga ni tulivyosahau nusu ya somo. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari linaloitwa Jetfire, V8 ya lita 3.5 yenye turbo, nguvu farasi 215. Gari lilikuwa na tenki dogo la maji yaliyochujwa kwa mvuke na methanoli, wakayaita Turbo-Rocket Fluid. Sasa sikilizeni hapa. Wale wahandisi, bila kompyuta yoyote ndani ya gari, waliweka kinga: tenki likikauka, valvu inaizuia turbo isipandishe presha. Gari linakuwa zito, lakini injini inapona. Na kweli, wateja wengi hawakujaza. Magari yalitengenezwa kama 10,000 hivi katika miaka ya 1962 na 1963, na mwaka 1965 kampuni ikaanza kuwaondolea wateja turbo na kuwawekea kabureta ya kawaida. Funzo ni nini? Binadamu husahau. Kifaa kinachotegemea binadamu asisahau kimeshindwa kabla hakijafungwa.

Turudi kwenye viboksi vyetu. Viko vya ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni swichi ya presha. Turbo ikifika presha uliyopanga, pampu inawaka yote, ikishuka inazimika. Rahisi, lakini angalau haimdanganyi mtu. Haijiiti kitu kingine.

Ngazi ya pili ndiyo inayouzwa kwa mbwembwe. Ina sensa ya presha na vitufe viwili: kimoja cha kupanga pampu ianzie wapi, kingine ifikie nguvu yake yote wapi. Katikati hapo kiboksi kinaongeza kasi ya pampu taratibu kwa kukata na kurudisha umeme mara nyingi kwa sekunde. Sikatai, ni bora kuliko ya kwanza. Ila ina matatizo mawili. La kwanza ni fizikia: ukitaka nozeli ile ile itoe mara mbili, presha ya kimiminika lazima iwe mara nne. Kwa hiyo pampu inapozunguka polepole presha inaanguka, na badala ya ukungu unapata matone. La pili ndilo linaloniudhi. Kiboksi hiki kinaona presha ya hewa tu. Kimiminika hakikioni kabisa! Kile kitaa cha kijani kinachowaka hakisemi "methanoli imefika." Kinasema "nimepeleka umeme kwenye pampu." Ni sawasawa na kumsainia mwenzako mahudhurio. Karatasi inasema yupo, kiti kitupu.

Na vitu vya kuziba hapo kati ni vingi. Nozeli ina tundu dogo mno. Mtu akiona maji yaliyochujwa ni ghali anatia ya kisima, na visima vingi vya Dar mnavijua vilivyo na chumvi. Chumvi inaganda, nozeli inaziba. Mpira unachomoka. Pampu inachoka. Kwa ajali zote hizo kitaa cha kijani kinaendelea kuwaka kana kwamba kuna sherehe.

Ngazi ya tatu ndiyo naiita kidhibiti. Pampu inashikilia presha karibu isiyobadilika, valvu ya haraka ndiyo inayopima kiasi cha kutoka, na sensa ya mtiririko inahesabu kilichopita kweli. Mifumo ya HFS ya Aquamist, ya Uingereza, ndiyo mfano wanaoutaja wengi. Kiboksi kinawekewa mpaka wa chini na wa juu. Kikiona kimepita kidogo mno, nozeli imeziba au tenki limekauka. Kikiona kimepita kingi mno, mpira umechomoka. Vyovyote vile kinakata: kinarudisha turbo kwenye presha ndogo, au kinaiambia kontroli boksi ya gari irudi kwenye mpangilio salama. Hata BMW ilipotoa M4 GTS mwaka 2016, ikipuliza maji kutoka tenki la lita 5, ilipanga kwamba maji yakiisha injini inajipunguzia nguvu yenyewe. Kiwanda chenye wahandisi wote wale hakikumwamini dereva. Sisi tunajiamini kwa lipi?

Sasa utetezi ninaousikia kila siku pale chini ya mti.

"Nitasikia ikianza kugonga, nitaachia mafuta." Tupige hesabu, si ndiyo kilichotuleta chuo? Injini ya viharusi vinne ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 50 kwa sekunde. Ukiwa mwepesi kweli, mguu wako unahitaji kama nusu sekunde. Hapo silinda imeshawaka mara 25, muziki uko juu na madirisha yamefungwa. Utasikia nini, kaka?

"Gari lina sensa ya kugonga, litajirekebisha." Litajirekebisha ndani ya mipaka. Inarudisha taimingi nyuma kidogo, haifanyi miujiza. Na fundi aliyepandisha presha mara nyingi amepunguza na petroli pia, kwa sababu methanoli nayo ni fueli. Mpulizo ukikatika, joto linarudi na fueli inapungua kwa mpigo mmoja. Injini inapigwa makofi mawili kabla haijageuka kuangalia nani kapiga.

"Nimeweka taa ya tenki." Vizuri, umejikinga na tenki tupu. Nozeli iliyoziba je? Tenki limejaa pomoni na injini inakufa.

"Yenye sensa ni ghali." Hili nalielewa, wote hapa tunaishi kwa bumu na chapati maharage. Lakini linganisha bei ya sensa na bei ya injini, halafu uniambie ghali ni ipi. Yupo mwenzetu hapa anataka kufunga kiboksi cha ngazi ya pili kwenye Subaru ya kaka yake na kupandisha presha wikiendi hiyo hiyo. Gari hilo ndilo linampeleka mama yao kliniki. Yeye ataendesha kwa raha Jumamosi moja, kaka yake atalipa kwa mwaka mzima. Huo si ufundi, ni kuchezea mali ya mwingine.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kuna matumizi ambayo kiboksi cha bei rahisi nakisamehe: kama hukugusa presha wala taimingi, unapuliza ili kuipooza injini tu. Hapo kikifeli unarudi ulipokuwa, hujapoteza kitu. Na kwa kweli hitaji lipo, kwa sababu hizi turbo za kutoka Japani nyingi zilipangwa kwa petroli yao ya oktani ya karibu 100, ambayo kwenye pampu zetu hatuipati. Tofauti ni hii: kupuliza kama bima ni jambo moja, kupuliza kama nguzo ya kuegemea ni jambo lingine. Ukishaegemea, lazima nguzo iweze kupiga kelele inapovunjika.

Na jambo moja la mwisho, hili si la injini. Methanoli si ya kukaa kwenye chupa ya maji chini ya kitanda hosteli. Haina rangi, inanukia pombe, na kiasi kama mililita 10 tu kinaweza kumpofusha mtu. Nairobi mwezi Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na Kenya imezika wengine tena mwaka 2014 na 2024. Ikishika moto mchana, mwali wake karibu hauonekani. Mwenzako akiamka usiku na kiu akaifakamia, hakuna sensa ya kumrudisha. Weka dumu lenye maandishi makubwa, gereji, mbali na watu. Kama huwezi hilo, achana nayo.

Kwa hiyo siku muuzaji atakapokutandikia kiboksi kinachometameta, usimuulize kinaongeza farasi wangapi. Muulize swali moja: "Nikiziba nozeli kwa kidole, hiki kitajuaje, na kitafanya nini?" Akianza kukuonyesha kitaa cha kijani, mwambie asante, na ubaki na hela yako. Akikubali, mwambie akuonyeshe pale pale, presha ikiwa ya chini: tenki tupu, nozeli imezibwa, mpira umechomolewa. Mara tatu zote kikate. Kikikata, mimi mwenyewe nitakuja kukushikia tochi wakati unafunga.

Najua kuna watakaonuna, hasa wa ile kona ya paking. Maoni ruksa, njooni na hesabu, matusi yaacheni kwenu. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Usiku mwema.