Kichwa ni chake: usonji, nywele ndefu na haki inayoanzia nyumbani



Ukifungua ukurasa huu umezoea kukuta habari za polisi, vitambulisho na mahakama. Leo tunazungumzia kitana. Ndio, kitana cha nywele. Usicheke, soma mpaka mwisho.

Katika mitaa yetu, kuanzia Kibokoni na Makadara mpaka Bondeni na Majengo, wako watoto na vijana wenye usonji ambao wana nywele ndefu na wanazipenda. Lakini siku ya kuchanwa nyumba inageuka uwanja wa vita. Mmoja anashika mikono, mwengine anashika kichwa, wa tatu anavuta. Mtoto akipiga mayowe anaambiwa ana kiburi, amedekezwa, au eti ana jini. Wakichoka, wanaleta mkasi. Songo la miaka mingi linaanguka sakafuni na mwenyewe hakuulizwa.

Wewe unayesoma huenda ndiye dada, kaka, binamu au shangazi uliyeitwa kushika mikono. Au huenda ndiwe mwenye kichwa. Nyote wawili tunasema nanyi.

Kwanza tuelewane. Usonji ni namna tofauti ya ubongo kupokea na kupanga yanayotoka duniani. Mtu huzaliwa nao. Si laana, wala si malezi mabaya. Wengi wenye usonji huhisi mambo kwa nguvu kuliko wewe. Kitana kinachokuwasha kidogo, yeye kinaweza kumuuma kwelikweli. Ongeza maji ya ghafla usoni, harufu kali ya mafuta, kelele za mashine ya kukaushia nywele, na mkono unaomjia kwa nyuma bila kuambiwa. Mwili unaelemewa. Mayowe yale ni maumivu, si utundu. Na wako wengine walio kinyume: hawahisi kabisa kuwa nywele zimeshikana, mpaka zimekuwa donge.

"Sasa si anyolewe tu tupumzike?" Upumzike nani? Kuna anayetulia kwa kuzungusha songo lake kidoleni. Kuna anayefadhaika kwa wiki nzima sura yake ikibadilika ghafla. Na kuna anayetaka nywele fupi kweli, asizifikirie tena. Zote ni sawa, bora uamuzi uwe wake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na utu. Kifungu cha 53 kinamlinda kila mtoto na ukatili. Hakuna palipoandikwa kwamba haki hizo zinakoma ukivuka kizingiti cha nyumba. Mnakumbuka pia Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoamua kwamba shule ilikosea kumfukuza msichana Mrasta kwa sababu ya nywele zake. Kesi ile ilikuwa ya imani, si ya usonji, lakini imetufunza kwamba nywele si jambo la kupuuzwa mbele ya sheria.

Na dini yetu haikuacha jambo hili. Tumefunzwa kuwa mwenye nywele azitunze. Bi Umm Salama (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama ni lazima afumue nywele alizozisuka kwa kukaza anapooga janaba. Akajibiwa hapana, yatosha kumimina maji kichwani mara tatu. Kama kufumua na kusuka upya ni mateso kwako, mueleze shekhe au ustadhati wako hali yako, akufafanulie na josho la hedhi. Usione haya kuuliza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Wewe mwenye nywele: suka songo moja au mawili kabla ya kulala, asubuhi hutakuta mafundo. Tumia chanuo lenye meno mapana. Tia mafuta ya nazi kwanza, na kama harufu inakusumbua tafuta yasiyotiwa manukato. Anza kuchana kwenye ncha, upande pole pole kuelekea kichwani, huku mkono mwengine umeshika nywele juu ya fundo ili ngozi isivutwe. Si lazima umalize kichwa kizima siku moja. Gawanya mafungu manne, leo mawili, kesho mawili. Ukisahau, weka siku maalumu na kengele kwenye simu. Maji ya visima vya Mji wa Kale yana chumvi na hukakamaza nywele, kwa hivyo weka japo kopo moja la maji matamu la kusuuzia mwisho. Na mtandio pia ni sehemu ya habari hii: pamba nyepesi badala ya kitambaa kinachochoma, na ule wa kuvaa tu bila pini ukitaka. Usivae juu ya nywele mbichi.

Wewe unayesaidia: kaa mahali anapokuona, au weka kioo mbele yake. Sema utakalofanya kabla ya kulifanya. Hesabu kwa sauti, kumi kisha pumzika, na ukisema kumi iwe kumi kweli. Mkubalieni ishara ya kusimamisha, hata ni kuinua mkono tu, manake si wote wanaosema kwa mdomo. Akisimamisha, simama. Mpe kitambaa cha kufunika macho maji yanapomiminwa. Usimsuke kwa kukaza ili atoe picha nzuri.

Idi na harusi ndio mtihani mkubwa. Chumba kimejaa, udi unafuka, hina inanuka, muziki juu, na kila shangazi ana rai yake. Msukeni siku moja kabla, chumba kitulivu, mtu mmoja anayemuamini. Na nyinyi wenye saluni, kumpa mteja kama huyu saa ya asubuhi kabla watu hawajajaa, mashine zikiwa zimezimwa, hakugharimu shilingi.

Tunapodai serikali isitushike kwa nguvu, isituvue utu wetu, tunadai jambo la haki. Basi tusimfanyie mdogo wetu hilo hilo kwenye mkeka wa nyumbani. Wiki hii, kabla hujagusa kichwa cha mtu, muulize. Akikataa, weka kitana chini. Nywele zitangoja.