Kimya Si Kufaulu

Mvua ya Milima ya Uluguru huulisha mto Ngerengere, nao hulijaza bwawa la Mindu linaloupatia maji mji wa Morogoro. Kipima mvua kikiharibika, mpimaji mwaminifu haandiki sifuri. Huacha nafasi wazi, kwani kukosa kipimo si ukame.

Kanuni hiyo yafaa wafundishwe pia wanafunzi waandikao programu za kompyuta. Tuchukue programu ya Python ikokotoayo wastani wa mvua, pamoja na chombo kiitwacho pytest kinachoijaribu. Chombo hiki hukusanya kwanza majaribio yote, ndipo huyaendesha. Iwapo faili moja la majaribio lina kosa la sarufi, kama mabano yasiyofungwa, kwa kawaida kazi yote husimama kabla ya jaribio lolote kuendeshwa. Hatimaye hutolewa namba: 0 maana yake yote yamefaulu, 1, baadhi yameshindwa, 2, kazi imekatizwa.

Mwanafunzi mwenye haraka hukilaumu chombo, akakiamuru kiliruke faili lenye kosa. Mengine yakifaulu, hupata 0 yake. Huko ndiko kuandika sifuri mahali pasipopimwa!

Dawa ni kuusoma ujumbe wa kosa, ambao hutaja faili na mstari, kusahihisha, kisha kuendesha upya. Walimu hawana budi kuuliza kwanza ni majaribio mangapi yaliyoendeshwa, ndipo waulize mangapi yaliyofaulu. Programu isiyojaribiwa haijafaulu wala haijashindwa, na maji ya mji hayapangwi kwa hesabu ya namna hiyo.