Mwambie Mwenzako
Filamu fupi haina bango barabarani wala foleni ya tiketi, humfikia mtazamaji pale mtu anapomwambia mwenzake, "Hebu itafute hii." Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, iliyotoka 2009, inastahili kutajwa hivyo: kwa dakika zipatazo 20 tu, Asha anaishi katika dunia iliyokaukiwa, ambako hata jasho huchujwa likanywewa, kisha anatoroka na mche mmoja kwenda kuupanda jangwani. Maneno ni machache mno. Picha ndizo zinazosema. Watu Wote ya 2017 inauma zaidi. Katja Benrath na wanafunzi wenzake wa filamu wa Hamburg walisimulia, kwa Kiswahili na Kisomali, shambulio la Desemba 2015 dhidi ya basi huko Mandera, Kenya, ambapo abiria Waislamu walikataa wavamizi wawatenganishe na wenzao Wakristo. Iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018, na bado wengi wanaoielewa bila tafsiri hawajaiona. Inasikitisha, lakini sababu iko wazi: mitandao ya video humpimia mtu kwa aliyoyatazama jana, na mpenzi wa ngumi huletewa ngumi. Kwa hiyo msomaji alitafute jina la filamu mwenyewe, aitazame hadi mwisho, kisha amtumie rafiki mmoja na kumweleza kwa nini.