Kabla ya Kushusha Injini
Gari la tabo likianza kula oili, usimruhusu fundi ashushe injini siku hiyohiyo. Shafti ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Sili zikichoka, oili hupenya kwenye mabomba ya hewa na kuungua ndani ya silinda. Mwambie afungue kwanza bomba la hewa linalotoka kwenye tabo. Unyevu kidogo ni kawaida, lakini oili ikichuruzika, shaka ni tabo, au vali ndogo ya kupumulia injini iliyoziba. Ringi za pistoni zishukiwe baadaye, baada ya kupima kompresheni. Inauma kuona mtu ameuziwa injini nzima kwa sababu ya vali! Pima oili kila unapojaza mafuta. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapohapo.