Milango Miwili ya Shule

Kila shule ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mbao au wa chuma. Hufunguliwa asubuhi kwa ufunguo, na mtoto yeyote ambaye jina lake limeandikwa daftarini huweza kuupita. Mlango wa pili hauonekani kwa macho. Huo hufunguliwa na mwalimu ajuaye jinsi mtoto aliye mbele yake anavyosikia, anavyoona na anavyofahamu mambo. Mtoto aliyepita mlango wa kwanza peke yake amefika shuleni, lakini elimu hajaifikia. Nasema waziwazi, msomaji wangu, kwamba watoto wengi wenye usonji katika nchi yetu ya Kenya wamesimamishwa baina ya milango hiyo miwili, na kwamba kuwaacha hapo ni dhuluma.

Yafaa kwanza tujue tunasema juu ya nini. Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa namna iliyo mbali na namna ya watu walio wengi. Huanza mapema sana katika maisha, na mara nyingi dalili zake huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala hakuna dawa ya kuuondoa. Mwenye usonji huona taabu katika mazungumzo na katika kufahamu nyuso za watu. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule. Na huenda sauti, mwanga au mguso usioujali wewe ukamchoma yeye kama moto. Wako wasiotamka neno hata moja, na wako wasemao kwa ufasaha. Wako wanaohitaji msaada mchana na usiku, na wako waliofika vyuo vikuu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kipimo hicho, shule ya wanafunzi 500 yatazamiwa kuwa na watatu au wanne. Basi hatuzungumzi juu ya ajabu ya mbali. Twazungumza juu ya jirani.

Ujinga juu ya hali hii una historia, wala si wa Afrika peke yake. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alichapisha habari za watoto 11 aliowachunguza, na maandiko yake ndiyo yaliyofanya usonji ujulikane kuwa hali ya peke yake. Baada yake wakazuka wataalamu waliodai kwamba mtoto huwa hivyo kwa sababu mama yake hana mapenzi naye. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, aliipinga hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1964. Hata hivyo Bruno Bettelheim aliieneza tena kwa kitabu cha mwaka 1967, na akina mama wengi wakaendelea kubeba lawama isiyokuwa yao. Leo sayansi imekwisha kuikataa. Lakini je, sisi tumeitupa lawama hiyo? Vijijini na mijini mama bado huambiwa kwamba amerogwa, kwamba amelaaniwa, au kwamba amemdekeza mtoto hata akaharibika. Majina ya kosa yamebadilika. Mshitakiwa ni yule yule.

Sasa mtazame mtoto wa miaka sita mwenye usonji katika siku zake za kwanza shuleni. Kengele inapolia huziba masikio akapiga kelele. Akiitwa jina haitiki. Akiulizwa swali hulirudia swali lenyewe. Kiti chake kikihamishwa hulia mpaka saa ya mapumziko. Mwalimu asiyefunzwa juu ya hali hii huyafasiri mambo hayo kwa kamusi aliyo nayo: huyaita ukaidi, kiburi na utovu wa adabu. Dawa ya ukaidi aijuaye ni fimbo, ingawa adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka 2001. Fimbo haimfundishi mtoto huyo kuivumilia kengele. Humfundisha kwamba baada ya kengele huja fimbo.

Mzazi naye huja kwa mwalimu mkuu kuomba msaada. Majibu anayopewa mara nyingi huwa ni moja katika manne, nami nitayajibu moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza ni, "Tumpe muda, ataacha." Maneno haya yana sura ya upole, na kwa hiyo watu hawayaogopi inavyopasa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Usonji hauachwi kama mtoto aachavyo kunyonya kidole. Miaka ya mwanzo ndiyo ambayo mtoto hujifunza lugha na mazoea kwa wepesi zaidi. Tena, mwaka mmoja wa kungoja kwa mtu mzima ni mwaka tu. Kwa mtoto wa miaka sita ni sehemu ya sita ya umri wake wote.

Jibu la pili ni, "Mlete, lakini uje umchukue saa nne." Nusu ya siku ni nusu ya elimu. Na mzazi mwenye kibarua atamchukuaje saa nne? Ataacha kibarua, au atamwacha mtoto nyumbani. Na mara nyingi anayeacha kibarua ni mama.

Jibu la tatu ni, "Mtafutie msaidizi, umlipe mwenyewe." Wenye mali huweza; maskini hawawezi. Kwa jibu hilo shule ya umma, iliyojengwa kwa kodi ya muuza mboga na kwa kodi ya mwenye gari, humfungulia mlango wa pili mtoto wa mwenye gari peke yake.

Jibu la nne ni, "Hapa si mahali pake." Shule maalumu zipo, na walimu wake wengi ni watu wa kusifiwa, wako watoto ambao shule hizo zawafaa kuliko nyingine. Lakini neno hilo lapaswa kutoka baada ya mtoto kuchunguzwa, tena litoke pamoja na jina la mahali panapomfaa. Kumwambia mzazi kwamba hapa si mahali pa mtoto wake bila ya kumwonyesha palipo mahali pake, ni kumfukuza mtoto kwa maneno ya adabu.

Je, sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema kila mtoto anyamazaye. Kifungu cha 54 champa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizo ndani ya jamii, kwa kadiri inavyopatana na masilahi yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imemwagiza waziri ahakikishe kwamba shule zenye wanafunzi wa mahitaji maalumu zina walimu waliofunzwa, wafanyakazi, majengo na vifaa vinavyofaa. Vituo vya serikali vya kuwachunguza watoto kwa ajili ya elimu vilianzishwa mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, iliyoko Kasarani, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1986 ili kuwafunza walimu. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera juu ya wanafunzi wenye ulemavu. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba nchi haijui la kufanya. Nchi imejua kwa muda wa miaka 40 na zaidi. Kilichopungua ni kutenda.

Hapa nafika kwenye shina la hoja yangu. Msaada wa shule kwa mtoto mwenye usonji lazima uandikwe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ya mdomo ndiyo mali ipoteayo upesi kuliko zote. Mwalimu mwema huahidi kumwangalia mtoto. Muhula ujao huhamishwa, na wema wake huhamishwa pamoja naye. Mwalimu mkuu huahidi kulifikiria jambo. Mwaka hupita, naye bado anafikiri. Kwa hiyo mzazi na apeleke ombi lake kwa maandishi yenye tarehe, na nakala aiweke. Aombe mtoto apelekwe kwenye kituo cha uchunguzi, na masikio yake pia yapimwe, maana mtoto asiyeitika huenda hasikii. Aombe ripoti. Na juu ya ripoti hiyo mwalimu na mzazi waketi pamoja waandike mpango wa mtoto huyo mmoja: anaweza nini leo, ajifunze nini katika muhula huu, nani atamsaidia, kwa njia gani, na siku gani watakutana tena kuupima mpango huo.

Mpango wa namna hiyo hauanzi na fedha nyingi. Karatasi na kalamu za rangi zatosha kuchora ratiba ya picha: kitabu, kikombe cha uji, mpira, kitabu tena, kisha nyumba, mtoto akaiona siku yake nzima kabla haijamshitua. Kiti chaweza kuwekwa mbali na kengele bila ya kumlipa fundi. Amri fupi haigharimu zaidi ya amri ndefu. Mtoto asiyesema huweza kupewa kadi za picha, aonyeshe kwamba ana kiu au kwamba kichwa chamwuma. Pembe tulivu ya darasa huweza kumtuliza kwa dakika tano, kisha akarudi kwenye somo. Haya hayamtoshi kila mtoto. Wako wanaohitaji mtaalamu wa matamshi na msaidizi wa kila siku, na hao hawapatikani bila ya bajeti. Lakini shule isiyofanya lile la bure haina ulimi wa kulalamikia lile la fedha.

Najua mwalimu atanijibu. Atasema, "Nina watoto 60 katika darasa moja, nami ni mtu mmoja." Jibu lake ni la kweli, na atakayelidharau hajapata kusimama mbele ya watoto 60. Lakini tuone hoja hiyo yaelekea wapi. Yaelekea kwa Wizara, kwa Bunge ligawalo fedha, na kwa Tume ya Huduma kwa Walimu. Haielekei kwa mtoto. Mtoto huyo hakuwaleta wale 59 wengine. Mwalimu aliyelemewa na mzazi aliyelemewa wana dai moja, na wakiliandika pamoja lina nguvu kuliko wakilumbana mlangoni. Mpango ukisema kwamba msaidizi anahitajika, naye hayupo, karatasi hiyo ni ushahidi mkononi mwa mwalimu pia.

Wako tena wasemao kwamba mtoto mmoja atawachelewesha wengine. Ratiba iliyo wazi, amri fupi na mwalimu mtulivu vimemchelewesha nani? Hata mtoto mwepesi wa darasa hufaidika navyo. Na wale waketio karibu na mwenzao aliye tofauti hupata mapema somo ambalo wakubwa wengi hawajalipata, kwamba haki ya mtu haipimwi kwa wepesi wa kumhudumia. Hujafa hujaumbika. Ajali moja ya barabarani yaweza kumfanya mwenye dharau wa leo kuwa mwombaji wa kesho kwenye mlango ule ule.

Nawe msomaji uliye katika shule ya upili, usidhani kwamba neno hili ni la wakubwa peke yao. Mtoto wa miaka sita hawezi kumwandikia mwalimu mkuu. Huenda mama yake pia kalamu imemlemea, au anaogopa kuingia ofisini kwa kuwa mara ya mwisho alitoka humo akilia. Wewe umefundishwa kuandika barua rasmi: anwani, tarehe, mada, ombi na sahihi. Umepewa alama kwa barua za kubuni ambazo hazikutumwa kwa mtu yeyote. Ukimjua mama kama huyo katika mtaa wenu, mwamkie kwa heshima, uketi naye, umwulize mtoto wake anahitaji nini, nawe uyaandike maneno yake kama ayasemavyo. Andika nakala mbili. Moja aipeleke shuleni, na nyingine aiweke penye usalama pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.